Feza Alipoiacha Derayema

Tangu niache kazi na kuingia pansio, miezi minane sasa, sijamaliza kikombe cha chai nikiwa nimekaa. Nainuka, nasikiliza jenereta ya jirani, najisemea kwamba plagi yake imechoka, nakaa tena. Mara naenda uani kutazama antena ambayo haina kosa lolote. Mke wangu Mariamu ameacha kuniuliza natafuta nini. Nyinyi mafundi mliobaki pale radio mliponiomba niandike kidogo juu ya kazi yetu, yeye ndiye aliyeniwekea daftari mezani. "Andika, Baba Zaina," alisema. "Labda mikono itatulia."

Basi naandika. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa viwili, na cha pili kilikuja na ufunguo wa kabati lisilo na kitu. Nitawaeleza nilivyoanza, nilivyofanya wakati wa vita, na kazi yangu ya mwisho, ile ambayo wengi wenu mlisikia kelele zake na mkasema Papa Rama amepotewa na akili uzeeni.

Siku ya kwanza nilifika radio nimevaa shati jeupe, nikidhani nitakaa mbele ya mikro na kutangaza. Nilipokelewa na Papa Ngoyi, mtu wa Katanga, ambaye kabla ya radio alikuwa akitengeneza simu za reli kati ya Kindu na Kongolo. Hakuniuliza jina. Alinipa pamba na chupa ya alkoli, akanionyesha mashine ya kurekodia kwenye utepe, akasema, "Safisha pale bande inapopita. Ukimaliza, safisha tena." Jioni shati langu halikuwa jeupe tena, na nilikuwa sijasikia hata sauti moja iliyorekodiwa.

Papa Ngoyi hakuwa mtu wa maneno. Alikula karanga akifanya kazi, na maganda yakionekana ndani ya mashine, alisema ni yetu sisi wanafunzi. Lakini kila ninachojua nilikipata kwake. Alinifundisha kukata bande, ule utepe, kwa wembe kwa mshazari, si wima, ili sauti isiruke. Alinifundisha kwamba mkanda wa mashine ukikatika, unaweza kukata mwingine kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, lakini wa gurudumu la mbele, maana wa nyuma huwa umebandikwa viraka. Alinifundisha kumtazama mtu koo kabla ya kumfungulia mikro: mwenye woga hupandisha mabega, na ukimwacha hivyo sauti yake itatoka nyembamba hata umpe mashine ya dhahabu. "Mwambie ateremushe mabega," alisema. "Mutu hawezi kusema ukweli na mabega mu masikio." Nililiamini neno hilo miaka mingi. Siku hizi najua mtu anaweza kuteremsha mabega vizuri sana na akasema uongo.

Vita ilipofika Kindu, treni zilikatika, kisha chumvi, kisha mawe ya radio, yaani betri. Watu wa mji waligawanyika: wengine walibaki majumbani, wengine waliingia msituni na watoto na masufuria. Wenye bunduki walioushika mji waliweka askari wawili mlangoni pa radio na kutuambia tuendelee na kazi. Mtangazaji wetu alikuwa ameshavuka mto na hakurudi. Tulibaki Papa Ngoyi na mimi, na kazi yetu kubwa ilikuwa kutangaza majina ya waliopotezana: mama fulani wa Mikelenge anatafuta watoto wake watatu, wa mwisho ana kovu kwenye paji la uso. Nilisoma majina hayo kila asubuhi. Watu walianza kuijua sauti yangu. Walisema ni sauti iliyotulia. Nami, niseme ukweli, nilifurahi kuambiwa hivyo.

Asubuhi moja mkubwa wao alikuja na karatasi. Ilisema watu wote walioko msituni warudi, njia iko wazi, hakuna atakayeguswa. Alitaka isomwe siku tatu mfululizo. Papa Ngoyi alinivuta nyuma ya chombo cha kurushia mawimbi, akaninong'oneza, "Rama, dakika moja tu. Naweza kuua hii mashine dakika moja, tuseme ni joto."

"Na wakisema ni sisi?"

"Watasema ni sisi."

Zaina wangu alikuwa na miezi mitano. Askari alikuwa mlangoni akichokonoa meno kwa kijiti. Nilirudi kwenye mikro, nikateremsha mabega, nikasoma. Na nilisoma vizuri. Hilo ndilo linalonisumbua hata leo. Neno "warudi" lilinikwama mara ya kwanza, nikalirudia kwa upole zaidi. Hakuna aliyeniamuru kulitia upole. Nilifanya kazi yangu kama fundi.

Walirudi. Siku ya pili na ya tatu walionekana wakija kwa makundi, wamekonda, wamebeba mikeka. Kwenye kivuko wanaume walitengwa na wanawake. Baadhi yao waliachiliwa baada ya siku chache. Baadhi hawakuonekana tena, na mpaka leo hakuna aliyewaonyesha ndugu zao walikozikwa. Siku ya nne mkubwa yule alituma neno kwamba karatasi isomwe wiki nzima. Papa Ngoyi aliingia kabla yangu, na nilipofika mitambo ilikuwa kimya, ikinuka moshi. Alisema ni joto. Walimpiga pale uani mbele yangu kwa kitako cha bunduki. Baada ya wiki mbili, alipoweza kusimama, aliondoka kwa miguu akifuata reli kuelekea Kibombo. Aliniachia wembe wake na kopo la karanga. Hakuniaga vibaya, lakini hakunitazama usoni. Vita ilipoisha nilisikia kwamba alifia njiani kwa homa.

Tangu hapo sikusema tena kwenye mikro. Mliokuwa na mimi mnajua; mlidhani naona haya. Hata siku mtangazaji alipochelewa na mkaniomba niseme saa tu, niliweka wimbo. Miaka ishirini na kitu nilikaa nyuma ya kioo nikikamata sauti za wengine.

Sasa nije kwa Feza.

Mnaifahamu Derayema, maana jina lao limeandikwa kwenye nusu ya kuta za Kindu. Walikuwa vijana wanne, watoto wa wafanyakazi wa reli, ndiyo maana walijiita kwa jina la treni inayoacha njia. Muziki wao ni ule mzito unaoitwa metali. Waliupata kwa mwanajeshi mmoja wa kikosi cha amani aliyewaachia nyimbo zake alipopanda ndege kurudi kwao. Gitare zilinguruma kama msumeno wa injini uliokwama kwenye mti. Anayepiga gitare na kuongoza alikuwa Dido, kijana mwembamba, mwenye akili. Anayeimba alikuwa Feza.

Nilimjua kwa sababu ya mikro. Alikuja radio mchana mmoja na mikro ya bendi ndani ya kapu la samaki, akasema imekufa. Niliifungua. Wavu wake ulikuwa umebonyea kama kopo lililokanyagwa, na ndani mlikuwa na maji.

"Weye unaimba, ao unakula hii kintu?" nilimwuliza.

Alicheka. Alikuwa mwanamke wa karibu miaka thelathini, mfupi, mabega mapana. Kazi yake ilikuwa kununua samaki Lokandu na kuwauza Kindu, na aliniambia hapo ndipo alipojifunzia sauti: ukisimama ukingoni kumwita mwenye mtumbwi aliye ng'ambo, usipotoa sauti tumboni utalala ukingoni. Nilikwenda kumsikiliza Jumapili iliyofuata. Dakika ya kwanza nilidhani mtu ameumia. Dakika ya tatu niligundua kwamba koo lake halikuwa limekaza hata kidogo. Mngurumo wote ulitoka chini, na kila neno lilikuwa mahali pake. Nimekamata sauti za maaskofu, za mashehe, za wagombea, na sijapata kusikia pumzi iliyopangwa namna ile.

Bendi ilivunjika mbele ya watu. Kulikuwa na sherehe kubwa uwanjani, wageni wamekaa kwenye viti vya plastiki, na mmoja wao alikuwa ameahidi kuipeleka Derayema Kinshasa. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika mitambo ya sauti siku ile, kwa hiyo nilisikia kila kitu; mikro zilikuwa wazi kwangu ingawa spika zilikuwa zimefungwa. Dido alimwendea Feza katikati ya nyimbo mbili.

"Ile wimbo ya pori, tuiache leo."

"Juu ya nini?"

"Juu hawa watu wanataka kucheza, Feza. Vita iliisha. Kila siku weye unawarudisha kule. Tuimbe ile ya reli, tuende Kinshasa, kule utaimba yote unapenda."

"Kule watasema pia watu wanataka kucheza."

"Feza, nakuomba."

"Basi chezeni."

Aliiweka mikro chini, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Nikashukuru, maana nilikuwa nimeitengeneza mara tatu. Alishuka jukwaani, akapita katikati ya viti vya wageni, akatoka. Dido aliimba mwenyewe. Alijitahidi. Kinshasa hawakuitwa.

Siku chache baadaye Feza alinikuta nikiunga waya. "Papa Rama," alisema, "nataka kutoa nyimbo zangu peke yangu. Ziko sita. Weye njo unajua kukamata sauti yangu bila kuipasua."

Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu ya kazi. Bwana mkubwa wa radio alitukataza tusitumie studio. Alisema nyumba ile haikujengwa kwa ajili ya makelele ya mashetani. Sikubishana naye. Niliomba ghala tupu kule stesheni, na msimamizi wake alikubali kwa sharti moja: treni ikija tusimame. Siku zote tulizokuwa pale haikuja hata moja, kwa hiyo sharti halikutusumbua.

Kwa ngoma tulimpata Papa Mutombo, mtu wa Kasai, mwalimu mstaafu anayepiga ngoma kubwa kwenye fanfari, ile bendi ya tarumbeta ya kanisa lake. Alifika amevaa tai.

"Hizi ni nyimbo za Mungu?" aliuliza.

"Ni nyimbo za hasira, Papa," Feza alijibu.

Mutombo alifikiri. "Hasira iko mu Zaburi pia," alisema, akavua koti lakini tai akaiacha.

Nyinyi wa kazi, sikilizeni hapa. Sauti kama ile usiiwekee mikro mdomoni. Niliisogeza urefu wa mkono mmoja na nusu, kando kidogo, ili pumzi ipite. Mbele yake niliweka sifongo niliyoitoa kwenye kiti cha pikipiki. Nyuma ya Feza nilitundika godoro la sufi, na kwenye kuta za pembeni magunia ya pumba za mpunga, maana bati la ghala lilikuwa linaitikia kila neno kama mtu asiye na adabu. Gitare Feza alilipiga mwenyewe, sauti tatu tu anazozijua, lakini alizijua kweli. Mutombo alianza kwa kupiga kama anaongoza maandamano ya Pasaka. Siku ya pili alifungua kifungo cha shati. Siku ya tatu tai ilikuwa mfukoni, na vumbi lilikuwa linaanguka kutoka kwenye boriti.

Katika siku nne tulimaliza nyimbo tano. Ukabaki ule wa pori, ambao jina lake ni "Nyamaza".

Nilikuwa nimeusikia mara nyingi uwanjani, lakini kwa muziki ule maneno hayafiki yote. Kwa hiyo nilimwomba anisemee kwanza, taratibu, nijue wapi atavuta pumzi. Ndivyo nilivyofanya na kila mwimbaji. Alikaa juu ya gunia akaanza kusema kwa sauti ya kawaida, bila kututazama.

Alisema alikuwa na miaka sita walipoingia msituni na baba yake, mama yake na mdogo wake Musafiri, wa miezi minne. Kila mara wenye bunduki walipopita njiani, mama wote waliwafunika watoto midomo. Siku moja walipita wengi, walichukua muda mrefu kupita, na Musafiri alikuwa na njaa. Mama yake alimkandamiza kifuani. Walipomaliza kupita, mama alimfungua, na Musafiri hakuwa akipumua. Mama hakulia, maana watu wangesikia. Hakuna aliyelia.

Papa Mutombo alikuwa ameondoa mikono kwenye ngoma.

"Kiisha radio ikasema tutoke," Feza aliendelea. "Baba alikuwa na radio kidogo, aliishika ku sikio. Watu wengine walisema ni mutego. Baba akasema hapana. Akasema: muntu wa sauti ile hawezi kudanganya watu. Njo tukatoka. Ku kivuko wakamukamata, na sisi hatukumuona tena. Hiyo yote iko mu wimbo, Papa Rama. Pumzi naivuta pale 'tukatoka'."

Nilikuwa nimeshika penseli. Sikumbuki niliiweka wapi. Ningeweza kunyamaza, angerekodi, ningesafisha sauti yake, ningeingia pansio na kadi ya pongezi. Miguu yangu ilitaka kutoka ghalani.

"Feza," nilisema, "ile sauti ilikuwa yangu."

Alidhani hajasikia vizuri. "Sauti gani?"

"Ya radio. Mimi njo nilisoma ile karatasi. Siku tatu."

Aliinuka kutoka kwenye gunia. Kisha akasema, "Isome."

"Feza..."

"Isome vile ulisoma."

Niliisoma. Sikuwa na karatasi, na sikuihitaji. Nilipofika kwenye neno "warudi" aliinua mkono nisimame. Alilichukua gitare lake, akalitia kwenye mfuko wake, akafunga zipu mpaka mwisho, akatoka nje kwenye jua. Mutombo alibaki ameketi. Alisema, "Miaka hii yote tunasalimiana barabarani," akavaa koti lake, naye akatoka.

Wiki tatu hakuja. Kila asubuhi nilikwenda ghalani, nikawasha mashine, nikaangalia nyaya, nikazima. Niliukagua kila uzi mara mbili. Nilimwambia Mariamu yote, mambo ambayo nilikuwa sijamwambia tangu Zaina alipokuwa akinyonya. Alisikiliza akichambua majani ya sombe, kisha akasema tu, "Ulinificha kwa sababu yetu, ao kwa sababu yako?" Niliwaza kumpa Mutombo zile nyimbo tano ampelekee Feza, nisionekane tena. Dido naye alikuja, amesikia kazi imesimama.

"Papa, mwambie arudi ku bendi. Nilikosea siku ile. Bila yeye sisi ni makelele tu."

"Mwambie weye mwenyewe," nilimjibu. "Mimi kwa sasa sina mdomo mbele yake."

Feza alirudi siku ya soko, kapu la samaki bado limejaa kichwani. Alilitua mlangoni. Hakuingia.

"Nina swali moja. Ulijua watafanya vile?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo miaka ishirini na zaidi, na majibu niliyoyatunga yalikuwa mengi na mazuri.

"Sikujua," nilisema. "Lakini sikuuliza. Na kulikuwa na muntu aliniambia tuue mashine, mimi nikakataa."

"Nani?"

Nikamwambia habari za Papa Ngoyi, mpaka Kibombo. Alisikiliza akiwa amesimama. Nzi walikuja kwenye samaki, hakuwafukuza.

"Papa Rama, sikukuya juu nimekusamehe. Sijui kama nitakusamehe. Nimekuya juu kazi haijaisha, na sauti yangu hakuna mwengine anaweza kuikamata. Lakini kuko sharti. Kila pahali nitaimba hii wimbo mbele ya watu, kwanza weye utasimama, utashika mikro, utasema ulikuwa nani na ulisoma nini. Ukikataa, nitaenda kuirekodi ku telefone."

Nilisema nimekubali. Nadhani nilisema haraka kuliko nilivyofikiri.

Tuliurekodi mara moja tu. Mutombo, aliyeitwa na kuja bila tai kabisa, alisahau kupiga katikati ya wimbo. Alikaa na fimbo hewani huku Feza akinguruma peke yake, kisha akaingia amechelewa, kwa kishindo kimoja, na Feza akakipanda juu kile kishindo kama alikuwa akikingoja. Nyinyi mngekata pale. Mimi sikukata. Usisafishe kila kitu. Hilo ndilo la mwisho ninalojua kuhusu kazi hii, na nililijua nikiwa nimebakiza wiki mbili za mshahara.

Nyimbo zilitoka. Tuliziwasilisha alasiri moja katika ukumbi wa shule karibu na mto. Dido alileta ampli yake nzuri ya kukuza sauti kwenye toroli, akaiunganisha, akakaa nyuma. Watu walijaa, nusu kwa mapenzi, nusu kwa udaku. Nyimbo tano zilikwenda vizuri. Kisha Feza akanipa mikro.

Nilikuwa nimewaambia maelfu ya watu wateremshe mabega. Yangu yalikataa. Nilisema hivyohivyo, kwa sauti nyembamba iliyokwaruza: jina langu, karatasi, siku tatu, kivuko, Papa Ngoyi. Mzee mmoja aliinuka akanitukana mimi na mama yangu, akatoka. Mwanamke mmoja alifunika uso. Wengi walinitazama, watu ninaokutana nao kila siku njiani. Kisha Feza akaimba "Nyamaza", na hakuna aliyecheza. Ulipoisha, hawakupiga makofi mara moja. Bwana mkubwa wa radio, aliyekuwa mstari wa mbele, siku iliyofuata aliomba nakala, akasema daima alijua sauti ile ina kitu.

Kuna majirani ambao tangu siku ile hawanisalimii. Wengine wameanza kunijia nyumbani, wanakaa, wanataja jina la baba au kaka, wananiuliza kama alikuwa kwenye orodha yoyote niliyoiona. Sikuwahi kuona orodha. Nawaambia hivyo, na wanakaa bado kidogo, na mimi nakaa nao, ingawa miguu yangu inataka kuinuka.

Mwezi uliopita Feza aliitwa Kisangani kuimba. Aliniambia nijiandae, kama mtu anayemwambia fundi wake. Tuliondoka na pikipiki tatu: yeye, Mutombo na ngoma yake, mimi na mashine nimezifunga ndani ya nailoni. Tulikuwa tumeimba Lubutu, na tulipofika Obokote mvua ilitushika. Tukajibanza kwenye kibanda cha kukaushia mpunga pamoja na wanawake kama kumi waliotoka shambani. Waliona ngoma, wakataka kujua sisi ni watu wa dini gani.

"Si dini," alisema Feza. "Mimi naimba."

"Imba basi, mvua haina haraka."

Hakukuwa na umeme wala mikro. Feza alinitazama. Nikasimama katikati ya yale makapu na nikasema niliyopaswa kusema, kwa mara ya nne sasa, na bado haijawa nyepesi. Mama mmoja mtu mzima, mwenye jembe mapajani, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hata sisi tulisikia ile radio," alisema. Hakuongeza kitu juu yangu. Alimgeukia Feza. "Mutoto, hiyo wimbo yako, usiimbe kwanza. Niambie maneno."

Feza alichuchumaa mbele yake, akamwambia maneno yote, taratibu, kama alivyonieleza mimi ghalani: wale waliopita, mikono midomoni, Musafiri. Wanawake walikuwa wameacha kukung'uta nguo zao. Mvua ilipiga majani ya paa.

"Na siku mulitoka mu pori," yule mama aliuliza, "mulilia?"

"Hapana, Mama. Tulikuwa tumezoea kunyamaza."

"Sisi pia," alisema.

Alilishusha jembe chini, akasimama, akajishika kiuno kwa mikono miwili. Akafungua mdomo na kutoa ukelele mrefu, wa chini, wenye mikwaruzo, ambao hakuna mtu aliyemfundisha. Aliye kando yake akainuka naye. Kisha wa tatu, kisha wote, wamesimama kati ya makapu wakiielekea njia iliyolowa, na Papa Mutombo akaikaribia ngoma yake na kuanza kupiga. Feza alikuwa bado amechuchumaa, anawatazama kutoka chini. Kati yetu sote, yeye alikuwa wa mwisho kufungua mdomo.